Tovuti Nzuri Isiyofunguka

Ukipita vimbwetani jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi, utatukuta. Sisi ni wale wenye laptopu zilizojaa stika kifuniko kizima. Tunabishana. Juzi ubishi ulikuwa kama akili mnemba itatunyang'anya kazi sisi wabunifu wa tovuti kabla hata hatujavaa majoho. Wiki ya nyuma yake ilikuwa zamu ya Figma, na bado kuna mwenzetu anayesimulia kwa uchungu jinsi Adobe ilivyotaka kuinunua mwaka 2022 kwa dola bilioni 20 na dili likafa Desemba 2023. Habari hizi tunazijua kama wengine wanavyojua usajili wa Simba na Yanga. Nani kanunua nani, nani katoa toleo jipya, nani kapunguza wafanyakazi.

Na mimi nimo, tena sauti yangu ni kubwa kuliko ya wengi. Kwa hiyo haya ninayoandika najisema mwenyewe kwanza.

Mwaka jana chama chetu kimoja cha wanafunzi kiliniomba nikitengenezee tovuti. Malipo yalikuwa chipsi kuku mara mbili na ile ahadi mnayoijua, "utapata jina". Nikakubali, maana nilitaka kitu cha kuwaonyesha waajiri. Nilikesha siku tisa. Ilipokamilika, niseme tu ukweli, ilikuwa kali. Ukiifungua unapokewa na video ya kampasi iliyopigwa kwa droni, jua linazama. Maneno yanaibuka taratibu. Picha za viongozi zinageuka ukizigusa. Fonti za aina tatu. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na kiduara cha rangi ya dhahabu kinachozunguka mpaka kila kitu kiwe tayari, ili mtu asije akauona ukurasa ukiwa umevaa nusu. Kiduara kile nilikipenda kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Siku ya uzinduzi, ukumbini, kwa waifai ya chuo, watu walipiga makofi.

Miezi miwili baadaye chama kikapata nafasi 40 za fildi kwenye karakana na viwanda. Fomu ya kuomba ikawekwa kwenye tovuti yangu, ukurasa wa mbele, na si mahali pengine. Mwisho wa kuomba Ijumaa saa sita usiku. Ilikuwa likizo, watu wako makwao.

Jumapili nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja wa mwaka wa pili. Yuko kwao, upande wa Nachingwea. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Ile fomu ya fildi bado ipo? Maana tangu Jumatano naifungua inazunguka tu. Nimenunua bando mara tatu. Jana yake nikapanda hadi kule shuleni ambako mtandao unashika, ikazunguka tu. Nikasema labda ni hii simu yangu ndiyo imechoka."

Simu yake haikuwa na tatizo. Nilikwenda kuupima ule ukurasa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niuzindue. MB 19. Fomu yenyewe ni visanduku sita: jina, namba ya usajili, kozi, mwaka, simu, mkoa. Haifiki hata KB 5. Yaani nilimtuma mtu dukani akanunue kiberiti, nikamwambia lazima kwanza alinunue duka.

Halafu nikagundua jambo baya zaidi. Kivinjari husoma ukurasa kuanzia juu, na maandishi ndiyo hutangulia kufika kwa sababu ni mepesi. Picha na video hufuata nyuma. Kwa hiyo ile fomu ilikuwa imeshafika kwenye simu ya yule dada ndani ya muda mfupi wa mwanzo. Ilikuwepo, iko tayari kujazwa. Mimi ndiye niliyeifunika na kiduara changu cha dhahabu, nacho kilikuwa kinasubiri video ya jua kuzama. Siku tatu alikuwa anaangalia pazia, na nyuma ya pazia kuna alichokuwa anakitafuta.

Nafasi zote 40 zilijaa. Alipata fildi kwingine baada ya wiki tatu za kuhangaika mwenyewe, kwenye mji ambao hana ndugu, akapanga chumba kwa hela ambayo ingekuwa ya kula.

Tangu siku hiyo nikikaa kimbwetani nasikiliza mazungumzo yetu kwa sikio lingine. Tunaongea kama mashabiki. Sijawahi kusikia hata mmoja wetu, nikiwemo mimi, akiuliza kwenye ubishi wetu: kitu hiki kikifika kwa mtu mwenye MB 300 za wiki nzima, itakuwaje? Fundi cherehani wa mtaani kwetu hana anachokijua kuhusu Adobe, lakini hagusi kitambaa kabla hajakupima bega. Sisi tunashona suti kwanza, tena ya kung'aa, kisha tunaanza kutafuta atakayeingia humo.

Na wala wavuti haikuanza hivyo. Ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1991, ulikuwa maandishi na viungo, basi. Nakala yake bado iko kwenye anwani ileile ya zamani, ifungue leo kwenye simu yoyote uone. Aprili 30, 1993, CERN ikaiachia teknolojia hiyo dunia nzima itumie bure. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, ukatoka mchezo wa kompyuta wa Doom. Ninautaja kwa sababu mwaka 2016 mtengenezaji mmoja wa programu alikaa akapiga hesabu akaonyesha kwamba ukurasa wa wastani wa wavuti umefikia ukubwa wa Doom: MB 2 na ushee, pamoja na mashetani yake. Wa kwangu ulikuwa na uzito wa Doom nane, kwa ajili ya visanduku sita.

Kuna sababu ya hali hii, na si uzembe tu. Mwaka 2010 Ethan Marcotte aliandika makala iliyobadilisha kazi yetu, kuhusu kurasa zinazojipanga zenyewe kulingana na upana wa kioo. Somo hilo tumelishika vizuri. Kila mwanafunzi anayejifunza CSS leo atakuonyesha kwa fahari jinsi ukurasa wake unavyojikunja kuingia kwenye simu. Lakini tulijifunza kubana upana, uzito tukausahau. Picha uliyopiga kwa simu ina upana wa pikseli kama 4,000; unaiweka kwenye kisanduku cha pikseli 360, inaonekana ndogo, nawe unafurahi. Aliye Nachingwea amezilipia zote 4,000.

Wapo watakaosema hayo yatapita, mtandao unaongezeka kasi kila mwaka, kwa nini tujibane? Nawakumbusha Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Hapo hakukuwa na wa Dar wala wa Nachingwea, wote tulikuwa vijijini. Mimi nilikuwa na kazi ya kukusanya. Nakumbuka ujumbe wa maandishi matupu ulikuwa unapenya, kwa kuchelewa, lakini unapenya. Zile tovuti zetu kali zote zilikuwa zinazunguka.

Sasa tuje kwenye akili mnemba, maana najua kuna mtu anasubiri hapo. Mimi naitumia, sitajifanya mtakatifu. Baada ya aibu ile nilijaribu kuiomba initengenezee upya tovuti ya chama. Nilipata jibu kabla sijamaliza chai. Ilinipa picha kubwa juu, rangi ya zambarau inayofifia kuelekea bluu, na visanduku vitatu vyenye vialama. Ukiwa umeshaona kurasa za namna hiyo unazifahamu papo hapo, kama unavyolitambua desa lililopita mikono ya madarasa matano. Ndivyo ilivyo hasa: imesoma kurasa za dunia nzima, inakurudishia wastani wake. Na wastani wa dunia ndio huohuo mzito niliokuwa naunakili mimi kwa mikono yangu, kwa kukesha siku tisa. Nilipoiambia kwa maneno kwamba mtumiaji yuko kijijini, ana simu ya bei rahisi, bando dogo, na anachotaka ni fomu peke yake, ikatoa ukurasa mwepesi, safi kabisa.

Kwa hiyo ule ubishi wa juzi, kama itatunyang'anya kazi, mimi naona tumeushika mkia. Kazi ambayo mashine iliifanya kabla ya chai kuisha ndiyo ileile niliyokuwa najivunia. Sehemu ambayo haikuweza kuifanya bila kuambiwa, hata mimi sikuwa nimeifanya: kumjua anayesubiri upande wa pili. Hiyo sijui niiite ubunifu au heshima tu. Ila najua kwamba mteja akija kesho akaniuliza kwa nini anilipe mimi wakati kuna mashine ya bure, video ya jua kuzama haitakuwa jibu.

Na si tovuti peke yake. Angalieni magrupu yetu ya darasa. Tangazo la kubadilishwa ukumbi wa mtihani linakuja kama posta: rangi, nembo, picha ya mtu anayetabasamu ameshika kalamu, na maneno tisa ya maana katikati. Nina mwenzangu wa darasa asiyeona. Simu yake ina programu ya kumsomea yaliyo kwenye kioo, na anaitumia kwa kasi ambayo mimi siwezi hata kuifuata kwa sikio. Posta ikifika, simu inamwambia neno moja: picha. Basi. Anakaa anasubiri mwenye huruma amsomee. Mwongozo wa kimataifa wa kuwawezesha watu wenye ulemavu kuzitumia kurasa za wavuti ulitoka mwaka 1999, wengi wetu hatujazaliwa, na jambo la mwanzo kabisa linalodaiwa humo ni kwamba kila picha iwe na maneno yanayoieleza. Haigharimu chochote. Aliyetengeneza ile posta ni rafiki yangu, ana kipaji, na nilipomweleza alishtuka kweli, hakuwahi kuwaza. Alikuwa anawaza mpangilio wa rangi. Sasa anatuma posta na chini yake anaandika maneno yaleyale kwa maandishi ya kawaida, na ajabu ni kwamba hata wanaoona wanasoma yale ya chini.

Sisemi tuache urembo. Mpiga picha anayeuza picha zake, ukurasa wake uwe mzito kidogo, anayekwenda pale amefuata picha. Msanii aweke muziki wake. Nami siku nikitengeneza tovuti yangu binafsi kuna mahali nitaweka madoido, sitamuomba mtu ruhusa. Ninachokataa ni mtu kulazimishwa kulipia madoido yangu kwa bando lake ndipo apewe haki yake: fomu, ratiba, matokeo, majina ya waliopangiwa hosteli. Hivyo ni vitu ambavyo hakuja kuvitazama. Amekuja kuvichukua.

Na kuhusu malipo ya chipsi kuku, niseme kidogo ingawa ni habari ya siku nyingine. Kazi ya bure huwa hakuna anayeikagua. Chama hakikuniuliza chochote, kwa sababu ukipewa zawadi huhesabu meno. Wangenilipa hata elfu hamsini, pengine katibu angesema, kijana, hebu tuifungue kwanza kwenye simu ya mama yangu. Mimi nami ningekubali kuulizwa. "Utapata jina" ilinipa uhuru wa kufanya nilichotaka, na nilichotaka kilikuwa kupigiwa makofi.

Mwezi uliopita nimeitengeneza upya. Ukurasa wa mbele sasa una KB 41. Fonti ni ileile iliyomo ndani ya simu ya mtu. Fomu iko juu, matangazo yanafuata kwa maandishi, picha za viongozi ziko ukurasa wao, anayezitaka atabonyeza. Niliikagua kwa simu ya zamani ya kaka wa stationari, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaizima waifai na kusimama nyuma ya hosteli ambako mtandao ni wa kubahatisha. Ilifunguka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nikamtumia linki yule dada. Akajibu: "Imefunguka kaka. Lakini fildi si tulishamaliza?"

Kamati ya habari ya chama haijafurahi. Mwenyekiti wake kaniambia, kwa upole, kwamba tovuti imekuwa kama ya miaka ya tisini na kwamba wanachama wa vyuo vingine watatucheka. Wanataka video irudi, na kile kiduara pia. Inaonekana kilikuwa na wapenzi wengi. Kikao ni Jumatano saa kumi, na nimeshamwomba kaka wa stationari aniazime ile simu.