MAONI YETU: LORI LINAKULA DIZELI LIMESIMAMA



Baridi ya mwezi wa saba hapa Makete mnaijua wenyewe, umande unaganda majanini na viazi vinababuka. Hatushangai basi dereva wetu akiwasha lori alfajiri na kuliacha linaunguruma nusu saa nzima. Anasema anaipasha injini moto. Nia yake njema, tena gari analitunza. Lakini tumekaa tukapiga hesabu.

Lori kubwa likiunguruma bila kwenda hula kama lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Tushike 2. Nusu saa ni lita 1. Siku 6 za wiki ni lita 6, na miezi ya baridi, wa sita mpaka wa nane, ni wiki 13. Lita 78! Zinatoka kwenye makato ya gunia lako wewe unayesoma hapa.

Na jamani, moto wenyewe haupatikani. Injini ya dizeli ikiwa silensa hupata moto polepole mno. Mafuta mengine hayaungui, yanateremka kwenye silinda yanaosha oili, na masizi yanajaa. Hupata moto upesi gari likienda, taratibu, bila kukanyaga sana mafuta. Giaboksi na difu ndiyo kabisa, gari likisimama havipati moto wa maana.

Dereva ametujibu neno moja la haki: breki ni za upepo. Kweli, lori lisiondoke kabla upepo haujajaa, hapo hatubishani. Lakini aangalie mshale wa upepo, siyo jua kuchomoza. Ni dakika chache tu. Kama mipira inavuja, fundi aitwe.

Linalotuuma zaidi ni watoto. Wanaingia bandani kuota joto nyuma ya bomba la moshi kabla ya shule. Wiki iliyopita mmoja alitoka anatapika, kichwa kinamgonga. Moshi ule una sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na banda tulilijenga wenyewe bila dirisha. Hapo kosa siyo la dereva, ni letu sisi wa kamati. Tuliona, tukanyamaza.

Kuanzia Jumatatu lori litalala nje mbele ya ghala, pua ielekee barabarani. Mlinzi ameshaambiwa. Dereva ameomba turubai la kuifunika usiku, pesa yake tutaijadili mkutanoni Jumamosi saa 9 alasiri.