Baina ya Waridi na Waridi

Mtu aliyekusudia kupaka chumba chake rangi ya waridi, akasimama dukani na vipande viwili vya karatasi mkononi, kimoja kikielekea kidogo kwenye machungwa na cha pili kwenye zambarau, hana budi kuondoka navyo, kwani hukumu itolewayo chini ya taa nyeupe za tyubu ni hukumu batili. Nuru ya asubuhi si ya alasiri, wala ya balbu ya manjano si ya mchana. Na anunue kopo dogo la kila rangi, apake mara mbili juu ya ubao mpana, aache zikauke barabara (chokaa iliyotiwa rangi, hasa, hupauka sana ikikauka), kisha auhamishe ubao ukuta hata ukuta.

Nami naona, bila ya shaka yoyote, achague ile iliyofifia, yenye chembe ya kijivu. Maana kuta nne za waridi hurushiana mwanga, na kila mrusho huizidisha rangi, hata ile iliyoonekana ya staha kwenye karatasi ikawa kali chumbani. Mwenye sakafu ya saruji nyekundu ahadhari zaidi, kwani jua likiipiga, wekundu wake hupanda kutani.