Gato bila mayai, na yai kwa mtoto



Kila mara Noeli inapokaribia, au siku ya ubatizo na ya ndoa, swali ni lile lile: mayai yamepanda bei, sasa gato tutaifanya namna gani? Mayai mengi tunayonunua huku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi yanatoka Zambia, yanapitia Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa siku mbili tatu tu, bei inaruka na mama anarudi toka soko na kikapo kitupu. Wengine wanakopa. Mama anakopa franga za mayai manne, anayavunja yote ndani ya bakuli, na kisha sikukuu analipa deni kwa pesa ya unga.

Mimi nasema hapana. Gato haiombi yai kwa lazima. Na ninaendelea mbali kidogo: hata kama yai liko ndani ya nyumba, lisiingie katika gato ikiwa pale pale kuna mtoto mdogo ambaye hajaonja yai juma lote.

Tuhesabu pamoja. Gato ya mayai manne ukiikata vipande 16, kila mtu anapata robo ya yai, imefichwa katika sukari. Mgeni amekula robo, baba robo, jirani robo, na mtoto wa miaka miwili naye robo, kama hakuangusha kipande chake chini. Lakini mayai yale manne ukiyachemsha, ni siku nne za mtoto mmoja, au siku moja ya watoto wanne. Yai moja la kuku lina karibu gramu 6 za protini, ndiyo ile inayojenga mwili. Hiyo haipatikani katika sukari, na katika bukari ni kidogo.

Munajua ugonjwa ninaofikiri. Mtoto anaachishwa ziwa juu mwingine anakuja, anapewa uji mtupu asubuhi na bukari na mchuzi wa maji jioni. Kisha miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, uso unakuwa mviringo na watu wanasema amenona. Hakunona. Ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki. Madaktari wanauita kwashiorkor, jina ambalo daktari Cicely Williams aliandika mwaka 1935 alipokuwa akitumika huko ambako leo ni Ghana. Alilitwaa kwa wamama wenyewe, katika luga ya Kiga: ni ugonjwa wa mtoto anayesukumwa pembeni wakati mdogo wake anazaliwa. Wamama walijua mbele ya daktari. Mtoto ambaye miguu imekwisha kuvimba asibaki nyumbani kwa kungoja mayai. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Fasi nyingine wazee walikataza watoto wasile mayai, wakisema mtoto anayezoea yai atakuwa mwizi. Mimi nafikiri kuku walikuwa wachache na wazee walitaka yatotolewe. Mtoto wa kisha miezi sita anaweza kula yai, lakini liive kabisa, ute na kiini vyote viwe vigumu, uliponde ndani ya uji au ndani ya sombe. Kama ngozi yake inatoka mapele au mdomo unavimba, acha, na umuulize muganga wa kituo. Kwa mtoto wa namna ile, gato bila mayai ndiyo gato yake.

Basi, sasa tuingie jikoni. Yai linafanya kazi gani ndani ya gato? Linashikanisha unga, linasaidia gato kupanda, na linaleta unyevu. Kila kazi ile iko na mfanyakazi mwingine. Kwa kushikanisha na kuleta unyevu, ndizi iliyoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, au boga lililopikwa na kupondwa. Pahali pa yai moja, weka nusu ya ndizi kubwa. Kwa kupandisha, bikabonati pamoja na kitu kikali: vinegri, maji ya ndimu, au maziwa yaliyoganda. Vikikutana vinatoa povu, na povu lile ndilo linalonyanyua unga. Lakini halingoji mtu. Ukisha kuchanganya, oka mara moja. Ukienda kupiga habari kwenye lupango la jirani, utarudi ukute povu limekwisha na gato italala kama tofali.

Si jambo jipya. Wakati wa vita ya pili, kule Uingereza chakula kiligawanywa kwa karatasi toka mwaka 1940 mpaka 1954, na mtu mkubwa alikuwa na haki ya yai moja tu kwa juma. Wamama wa kule waliendelea kufanya gato za siku ya kuzaliwa, kwa bikabonati na vinegri. Na mjane wa Sarepta, Biblia inatuambia alikuwa na unga kidogo na mafuta kidogo. Mayai hayakutajwa.

Hii ndiyo gato ya kwanza, ya machungwa. Tumia kikombe kimoja kile kile kwa kupima vyote. Changanya ndani ya bakuli kavu vikombe 1 na nusu vya farini, ndiyo unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kidogo 1 cha bikabonati (kisawazishwe, kisipande mlima), na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kamua machungwa mawili, ongeza maji mpaka kikombe kijae. Ndani ya maji hayo tia theluthi ya kikombe cha mafuta ya kupikia, yale yasiyo na harufu, na kijiko kikubwa 1 cha vinegri au cha ndimu. Mawese yataleta rangi nzuri lakini utamu utageuka, mimi siyapendi hapa. Mimina maji juu ya unga, koroga paka mpaka unga mkavu usionekane tena. Usipige sana, juu gato itakuwa ya kuvutika kama mukate. Wengi wanakosea kwenye bikabonati: wanafikiri ikizidi gato itapanda zaidi, kumbe inapata ladha ya sabuni.

Gato ya pili ni ya ndizi na unga wa mahindi, na hii inashibisha. Ponda ndizi kubwa 3 zilizoiva sana, changanya na theluthi ya kikombe cha mafuta, nusu kikombe cha sukari na kijiko kikubwa 1 cha maji ya ndimu. Halafu ongeza kikombe 1 cha farini, nusu kikombe cha unga wa mahindi uliochekechwa, kijiko kidogo 1 cha bikabonati na chumvi kidogo. Usipitishe hiyo nusu ya mahindi. Ngano iko na kitu cha kunata ndani yake, mahindi hayana. Bila yai na bila ngano ya kutosha, gato itavunjika mkononi. Ukiwa na karanga, zikaange, uzitwange nusu-nusu na uzitie. Karanga nazo zinajenga mwili.

Si kila mtu ana furu, na mwenye furu hana umeme kila siku. Twaa chungu kizito chenye kifuniko cha bati au cha chuma, kisicho na plastiki. Tandaza chini mchanga safi na mkavu, unene wa vidole viwili, na juu yake mawe matatu madogo yaliyo sawa. Weka juu ya mbabula, funika, acha kipate moto dakika 10. Paka mafuta na unga kidogo ndani ya kopo au sahani ya kuokea, mimina gato mpaka nusu ya kopo, iweke juu ya mawe. Funika, na juu ya kifuniko weka makala yenye moto. Hapa ndipo siri iko: moto wa juu uwe mwingi kupita ule wa chini. Makala mengi chini, gato inaungua matako na kichwa kibichi. Usifunue mbele ya dakika 25. Ile ya machungwa inaiva karibu dakika 35, ile ya ndizi inakaribia 45. Choma katikati na kijiti. Kikitoka kikavu, imekwisha. Iache ipoe mbele ya kuikata.

Neno moja juu ya vumbi, kwa sisi tunaokaa karibu na machimbo. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, huko Ubelgiji, walitangaza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti katika vumbi la ndani ya nyumba, na katika mkojo wa watoto walikuta nyingi kupita ile ya watoto wa mtaa usio na machimbo. Mtoto anatambaa chini, anatia mkono mdomoni. Kwa hiyo bakuli la unga lifunikwe wakati wote. Meza ya jikoni ipanguswe na kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio mkavu wakati wa kupika kunapeleka vumbi ndani ya chakula. Na baba, tafadhali: salopeti na botini za kazi zibaki inje ya jikoni, na mikono isukulwe na sabuni mbele ya kubeba mtoto. Salopeti isufuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Gunia la mawe ya machimbo lisilale chini ya kitanda wala pembeni ya unga.

Na mbabula. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi sana huku kwetu, na nyumba nyingi, kisha kupika, zinaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Moshi haupo, kwa hiyo watu wanafikiri hakuna hatari, wanalala, na asubuhi hawaamki, watoto kwanza. Gato ioke inje, au chini ya baraza lenye upepo. Ukisha kutoa chungu, makala yaliyobaki yamwagiwe maji au yafunikwe na mchanga, na mbabula ilale inje hata kama inaonekana imezimika. Kama mtu aliyekuwa karibu na mbabula ndani ya nyumba anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu na kutapika, msimpe maziwa wala mafuta ya kunywa: fungueni mlango, mtoeni kwa hewa, na wote waliokuwa chumba kimoja naye wapelekwe hospitali, hata wale wanaosema wako wazima.