Shule zafunguliwa Jumatatu: Mtoto arudi au abaki?

JUMATATU Januari 4, 2021, kengele ililia tena katika shule kote nchini. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walikuwa wametangulia Oktoba 12, 2020. Sasa ilikuwa zamu ya wenzao wote, ambao hawakuwa wameketi darasani tangu katikati ya Machi 2020, siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini.

Katika nyumba nyingi wikendi iliyotangulia, sare zilitolewa kwenye sanduku na kujaribiwa. Suruali zilikuwa fupi, viatu vilibana. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililobana zaidi, nalo lilizungumzwa usiku watoto wakishalala: tuwarudishe, au tungoje kwanza?

Chukulia familia moja ya Githurai inayoishi katika nyumba ya vyumba viwili. Baba ni fundi wa umeme, mama anauza mboga kando ya barabara. Wana watoto watatu: msichana wa kidato cha pili, mvulana wa darasa la sita, na kitindamimba wa gredi ya pili ambaye ana pumu. Wanaishi pia na nyanya, mamake baba, anayeugua kisukari.

Baba hataki kusikia habari ya shule.

"Mama watoto, mwaka mmoja si kitu," anasema. "Shule itakuwepo tu. Lakini nikimzika mama yangu kwa ugonjwa ulioletwa na mtoto kutoka shuleni, nitampata wapi mwingine?"

Mama naye hanyamazi.

"Baba watoto, wewe hutoka alfajiri ukarudi usiku. Mimi ndiye najua huyu msichana anashinda wapi. Akija hapa na mimba, utaniambia pia kwamba mwaka mmoja si kitu?"

Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja ana hofu ya kweli, na kila mmoja anaongea kwa mapenzi. Tatizo ni kwamba baba anaitazama hatari ya shule peke yake, na mama anaitazama hatari ya nyumbani peke yake. Wakiendelea hivyo hadi Jumatatu, ataamua mwenye sauti kubwa. Na watoto, ambao wazazi wanadhani wamelala, wanasikia kila neno nyuma ya pazia. Wagombanapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Nyumbani si ngome

Mzazi anaposema "heri abaki nyumbani", mara nyingi huwa anafikiria nyumba iliyofungwa mlango, mtoto akiwa ndani na kitabu. Jiulize bila kujidanganya: tangu Machi, mwanao ameshinda wapi?

Kwa familia nyingi, mtoto amecheza kandanda na watoto wa ploti nzima bila barakoa. Ametumwa dukani mara tano kwa siku. Amekwenda kanisani au msikitini baada ya maabadi kufunguliwa. Krismasi ya 2020 amepanda matatu hadi mashambani akakumbatiana na binamu zake wote. Kisha amerudi jioni na kuketi karibu na nyanya. Hatari imekuwa ikiingia na kutoka katika nyumba hiyo miezi tisa, ila hakuna aliyeiita hatari kwa kuwa haikuvaa sare ya shule.

Kuna pia hasara zisizopimwa kwa kipimajoto. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilipeperusha vipindi vya masomo kupitia redio ya KBC na televisheni ya Edu, na watoto wenye redio, stima na mtu mzima wa kuwaketisha walinufaika. Wengine wengi hawakupata hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Mtoto aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi mwezi Machi huenda sasa anaanza upya. Kuna wavulana walioingia katika uchimbaji wa mchanga na kazi za mjengo, wakaonja pesa, na kila mwezi unaopita unafanya dawati lionekane dogo zaidi machoni pao. Kuna wasichana waliopata mimba. Na kuna watoto ambao mlo wao wa uhakika ulikuwa ule wa shuleni.

Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani, katika mwongozo wake wa Juni 2020, kilisema mipango yote ya masomo ianze na lengo la kuwa na wanafunzi darasani. Madaktari hao hawakupuuza corona. Walisema kukaa nje ya shule muda mrefu nako humdhuru mtoto, kwa upweke, njaa, dhuluma na msongo wa mawazo, na kwamba kwa kawaida watoto hawalemewi na ugonjwa huu kama watu wazima.

Hata hivyo, hofu ya baba si upuuzi. Mtoto asiyeugua anaweza kuambukiza, na wanaolemewa zaidi ni wazee na wenye maradhi kama kisukari na shinikizo la damu. Oktoba 2020 huko Mombasa, shule mbili za sekondari zilifungwa kwa muda baada ya walimu kupatikana na virusi. Na kila mzazi wa shule ya umma anajua madarasa yetu: watoto 60 au zaidi, watatu kwa dawati moja. Kuwatenganisha kwa mita moja ni rahisi kusema kuliko kutenda.

Kwa hivyo mizani iwe ya haki. Linganisha shule jinsi ilivyo na nyumba yako jinsi ilivyo, si jinsi unavyotamani iwe.

Kila mtoto na uamuzi wake

Kosa jingine ni kuwaamulia watoto wote kwa pamoja, kana kwamba ni mzigo mmoja. Watoto watatu wa Githurai wana hali tatu tofauti.

Msichana wa kidato cha pili yuko katika umri ambao kukaa bila shughuli kuna hatari zake, na anaweza kuvaa barakoa vizuri na kunawa bila kukumbushwa. Kaka yake wa darasa la sita vilevile. Kwa hao wawili, sababu za kurudi ni nzito kuliko za kubaki.

Kitindamimba ni suala la daktari. Pumu peke yake haimaanishi mtoto asiende shule, ila ni vyema aonwe kliniki kabla ya Jumatatu au mapema wiki hiyo. Je, pumu yake imetulia? Inhela anayo, na anajua kuitumia? Mwalimu wake ajulishwe, na inhela ikae mahali inapopatikana haraka, isifungiwe ofisini. Kikohozi cha pumu kinaweza pia kumtia mtoto matatani darasani, wenzake wakaanza kumkimbia na kumwita "corona". Mwalimu akijua mapema, atalizuia hilo.

Ikiwa daktari atashauri mtoto asubiri, basi asubiri kwa mpango. Chukueni barua ya daktari, mpelekeeni mwalimu mkuu, ombeni kazi za kufanyia nyumbani, na mtaje ni nani atakayeketi naye kila siku na saa ngapi. Wekeni pia tarehe ya kulitazama upya jambo hilo, labda baada ya wiki mbili au tatu. Kubaki nyumbani bila tarehe ya kurudi ndiko kuacha shule kunakoanzia.

Ikumbukwe pia kwamba elimu ya msingi ni haki ya mtoto chini ya Kifungu cha 53 cha Katiba, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anasoma. Mzazi mwenye sababu ya kiafya ana la kumweleza chifu akibisha hodi. Asiye na sababu hana.

Nenda ukaione shule

Wazazi wengi waliiogopa shule ambayo hawakuwa wameikanyaga tangu Machi 2020. Nenda. Usitosheke na ujumbe wa simu.

Tazama mifereji: je, ina maji, au kuna matangi tu yaliyopakwa rangi? Kuna sabuni? Vyoo vikoje? Madirisha yanafunguka? Darasa la mwanao lina watoto wangapi, na shule imepanga kutumia nafasi gani nyingine, iwe ni ukumbi wa kulia au kivuli cha mti? Mtoto akipatikana na joto jingi saa nne asubuhi, atakaa wapi, na nani atapigiwa simu? Nambari yako ya simu iliyo shuleni ni ile unayotumia sasa?

Uliza kwa heshima. Walimu wana hofu kama yako, na baadhi yao wana umri na maradhi yanayowaweka hatarini kuliko mwanao. Mzazi anayeuliza "tusaidie wapi?" hupata majibu mengi kuliko anayekuja kufoka. Wazazi watano wakichanga pesa za sabuni au tangi dogo la maji, darasa zima litanufaika.

Karo isijifiche nyuma ya corona

Kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Baadhi ya wazazi wanaotaja corona wanachoogopa hasa ni karo. Kazi zimepotea, akiba imekwisha, na kodi ya nyumba ina madeni. Ni rahisi kumwambia jirani "naogopa ugonjwa" kuliko kumwambia "sina pesa".

Kama hiyo ndiyo sababu, iseme, kwanza kwa mwenzio na kisha kwa mwalimu mkuu. Omba kulipa kidogo kidogo na uandikiane na shule. Ikiwa mwanao alikuwa katika shule ya kibinafsi na sasa huiwezi, au imefungwa kabisa kama zilivyofungwa nyingi, si aibu kumpeleka shule ya umma iliyo karibu. Aibu ni mtoto kukaa nje mwaka mzima kwa sababu ambayo hakuna aliyeitamka.

Na msichana aliyejifungua katika kipindi hiki asidhani mlango umefungwa. Sera ya elimu inamruhusu kurudi. Anachohitaji ni mtu wa kumlelea mtoto, na mama asiyemkumbusha kosa lake kila asubuhi.

Mwambieni mtoto mliyoamua

Baada ya wazazi kukubaliana, waketi na watoto na kuwaambia kwa sauti moja. Mtoto asisikie kwa baba "ukiugua usiseme sikukuonya" na kwa mama "nenda, hakuna kitu". Mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake: ugonjwa upo, watu wengi hupona, na kuna mambo anayoweza kufanya kuwalinda wengine.

Mpe kila mtoto barakoa mbili au tatu za kitambaa zilizoandikwa jina lake, na umwonye asibadilishane na wenzake, maana watoto hubadilishana barakoa kama wanavyobadilishana kalamu. Zifuliwe kila jioni kwa sabuni. Akirudi nyumbani, anawe na avue sare kabla ya kukimbilia kochi. Akiamka na joto, kikohozi kipya au koo linalouma, abaki nyumbani siku hiyo na mpige simu nambari 719 ya Wizara ya Afya au mwende kituo cha afya. Kumpa dawa ya kushusha joto ili apite langoni ni kuwahatarisha watoto wa wenzako.

Wiki za kwanza msiulize alama. Ulizeni amekaa na nani, amekula nini, na ni nini kilichomtisha. Mtoto aliyesahau hesabu za Machi hajawa mjinga. Asilinganishwe na wa jirani aliyekuwa na mwalimu wa kulipwa.

Na yule nyanya wa Githurai? Baba na mama walibishana siku tatu kwa ajili yake, na hakuna aliyemuuliza neno. Siku ya nne alimwita mwanawe.

"Mwanangu, mnagombana kwa jina langu. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tatu ili nilee ndugu zangu. Sitaki kesho wajukuu wangu waambiwe walikosa kusoma kwa sababu ya nyanya. Huyu kijana anayelala chumbani kwangu mhamisheni alale sebuleni. Mnifungulie dirisha. Wakitoka shule wanisalimie kutoka mlangoni, sitakasirika. Lakini waende."

Jioni hiyo baba alihamisha godoro la mvulana. Mama aliandika kwenye karatasi siku ya kliniki ya kitindamimba na siku ya kwenda kumwona mwalimu mkuu. Hofu haikuisha, ila kila mmoja sasa ana kazi ya kufanya.

Mzazi, kabla ya kununua viatu vipya, zimeni televisheni muketi pamoja. Semeni hofu zote, hata ile ya pesa. Mpitieni kila mtoto peke yake. Na kama kuna mzee nyumbani, muulizeni naye anasemaje.