MKE WA RAIS: NANI ALIMPIGIA KURA?

Ndugu msomaji, wewe unayebishana kijiweni kutwa nzima kwamba Marekani kila kitu kinakwenda kwa katiba, nijibu swali moja tu. Nani alimpigia kura Edith Wilson?

Hakuna. Hata mmoja! Lakini Oktoba 1919, mumewe, Rais Woodrow Wilson, alipopigwa na kiharusi na upande wa kushoto ukapooza, mama huyo alikamata mlango wa chumba cha mgonjwa na hakuuachia. Mawaziri walileta makabrasha, yeye akayasoma, akaamua lipi limfikie mgonjwa na lipi lingoje. Majibu yakarudi kwa mwandiko wake mwenyewe: Rais anataka hivi, Rais anasema vile. Rais yupi? Wananchi waliambiwa kachoka, anapumzika. Changa la macho!

Makamu wa Rais, Thomas Marshall, akakaa pembeni. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Lansing, aliyethubutu kuitisha vikao vya mawaziri bila Rais, akatimuliwa Februari 1920. Mchezo ukaendelea hadi muhula ulipokwisha Machi 1921. Mwaka 1939 Edith alitoa kitabu akidai kuwa hakuamua jambo lolote la taifa. Eti alichoamua ni lipi lina uzito na limfikie mumewe lini. Msomaji, rudia kusoma hapo. Anayeamua Rais ajue nini na asijue nini, kabakiza nini?

Na usiniambie nawaonea akina mama. Wakati huo wanawake wa Marekani walikuwa bado wanapigania haki ya kupiga kura, wakaja kuipata kikatiba Agosti 1920. Mamilioni hawana kura, mmoja ana Ikulu! Tena huyo hakuwa hata shabiki wa mapambano yao.

Ilibidi ifike 1967 ndipo katiba ikarekebishwa kueleza nani anashika usukani Rais asipojiweza: Makamu wake, akiungana na mawaziri walio wengi. Mke hayumo. Mke hatajwi popote katika katiba ile, wala hana mshahara.

Basi mambo yakaisha? Thubutu! Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi mwaka 1981, mkewe Nancy alianza kumpigia simu mnajimu wa San Francisco. Mkuu wa watumishi wa Ikulu, Donald Regan, aliyekorofishana na mama huyo na kuondoka mwaka 1987, alianika siri hiyo mwaka uliofuata. Ratiba ya mtu mwenye ufunguo wa mabomu ya nyuklia inapimwa kwa nyota! Ingekuwa ni Afrika, wangetucheka mpaka leo.

Lakini utamu uko kwa Clinton. Mwaka 1992 aliwatangazia wapiga kura kwamba wakimchukua yeye watapata wawili kwa bei ya mmoja. Januari 1993 akamkabidhi mkewe, Hillary, kamati ya kubadili mfumo mzima wa matibabu. Vikao vikafanyika kwa siri. Madaktari wakaenda mahakamani wakisema: huyu mama si mtumishi wa serikali, kwa hiyo sheria inataka milango ifunguliwe. Mahakama ya rufaa ya Washington ikakataa hoja hiyo Juni 1993; ikasema anahesabika kama ofisa. Ushahidi wake? Sheria ya 1978 iliyoruhusu fedha za umma kulipia wasaidizi wa mke wa Rais anapomsaidia mumewe kazi. Umeona ujanja? Kwanza wanampa makarani, halafu makarani hao ndio wanakuwa cheti chake cha kazi.

Mpango wenyewe ulikufa bungeni mwaka 1994.

Kwa Hillary hapa namvulia kofia: mwaka 2000 aliingia mitaani New York kuomba kura za useneta kwa jina lake, akapata. Mwaka 2016 akaomba urais, Donald Trump akamshinda, akarudi nyumbani kwake. Edith Wilson angerudishwa nyumbani na nani?