Usipake Rangi Kitufe, Fungua Njia ya Hela

Kila programu ya kuuzia kazi za sanaa inapotangazwa kuwa na "sura mpya", tunaonyeshwa rangi. Kitufe kilikuwa cha buluu, sasa ni cha chungwa. Lakini mtunzi wa Dodoma anayeuza hadithi kwa shilingi 1,000 bado anadaiwa kadi ya benki ndipo alipwe, na msomaji wake anadaiwa kadi ndipo anunue.

Soko lenyewe halikusubiri. Mtunzi anabandika jalada kwenye stetasi ya WhatsApp, chini yake namba ya simu. Msomaji anatuma hela, anapiga picha ujumbe wa muamala, anaituma, anapokea faili. Programu yetu ni hiyo, na waliibuni watumiaji wenyewe. Ina kasoro: ujumbe wa muamala hughushiwa, faili husambazwa bure, mtunzi hukesha akijibu "imefika?" Hapo ndipo mbunifu anapohitajika.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikaa kwenye laini ya simu. Haikudai simu janja, intaneti wala kadi. Ilimfuata mtu pale alipo, na kitochi chake mkononi.

Basi, ndugu mbunifu, kabla hujachagua rangi jibu maswali matatu. Hela inamfikia mtunzi lini? Anakatwa kiasi gani? Bando likiisha katikati ya malipo, hasara ni ya nani? Ukishindwa kujibu, hujasanifu upya chochote. Umepiga chokaa nyumba isiyo na mlango.