Safari na Kamera: Ni Mji Gani Ulio na Amani?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia kijana mmoja niliyemsomesha juzuu yake ya kwanza, ambaye sasa ni fundi wa umeme hapa Tanga. Alikuwa na mkoba begani, na ndani ya mkoba mna kamera aliyoinunua kwa jasho la miaka mitatu. Yeye si mpiga picha wa harusi wala wa gazeti. Hupiga kwa mapenzi yake tu, kama vile mwingine apendavyo kuvua samaki siku ya mapumziko. Akaniambia: "Maalim, nimeweka akiba ya safari moja ya ng'ambo. Baba amekataa katakata. Asema dunia imeharibika, na mwenye kuzurura na kamera katika nchi za watu hujitafutia balaa. Nimekuja unisemee kwake." Kisha akatoa karatasi yenye majina ya nchi sita, akataka nimwonyeshe ile iliyo na amani.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aniachie karatasi yake nikaifikirie, na sababu yake nitaieleza, ingawa si habari ya kujisifia.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana kama yeye. Nilisafiri kwenda kumzuru ami yangu, naye mgonjwa, katika mji mmoja wa bandari usio wa nchi yetu, ambao sitautaja. Niliazima kamera kwa rafiki. Nikampiga ami picha moja akiwa ameketi barazani, amevaa kanzu nyeupe, mkono wake juu ya bakora. Siku ya kurudi, nikingoja meli, niliona jua linatua nyuma ya milingoti, nikapendezwa, nikapiga. Kumbe ng'ambo ya milingoti ile palikuwa na mashua za askari. Nilishikwa kabla ya magharibi nikaachiliwa baada ya alfajiri. Sikupigwa wala sikutukanwa, lakini mlinzi aliifungua kamera mbele yangu, akaivuta filamu yote nje kwenye mwangaza wa taa, akanirudishia kamera tupu. Ami alifariki mwezi wa pili yake. Picha ile ya barazani ilikuwa katika filamu ile ile, na hatukuwa na nyingine.

Simlaumu mlinzi. Kibao cha kukataza kilikuwapo, nami nilikuwa nimekipa mgongo.

Najua wako watakaouliza, mwalimu wa chuo ana lipi na mambo ya picha? Ikhtilafu ya maulamaa juu ya picha ni ndefu, na hapa si mahali pake. Kijana hakuniuliza hukumu ya picha, aliniuliza njia. Nami, ambaye elimu yangu ya shule ilikoma darasa la saba, niliwauliza waliosafiri, na wanafunzi wangu wakubwa wakanisaidia kusoma yaliyoandikwa. Haya ndiyo niliyoyapata.

Watu wakiulizana ni nchi gani yenye amani, aghalabu huwa na maana ya vita na wezi. Lakini mwenye kamera ana hofu ya tatu, ambayo msafiri mwingine huenda asikutane nayo maisha yake yote, nayo ni sheria. Mfanya biashara hupita mbele ya kambi ya jeshi, akaitazama, akaenda zake. Mwenye kamera akiitazama kwa jicho la kamera, amekwisha fanya jambo jingine mbele ya sheria, hata kama moyoni mwake hakutaka ila rangi ya mawingu.

Chukueni habari ya Ugiriki, nchi ya amani inayopokea watalii kwa mamilioni kila mwaka. Mwezi Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi 2 walikamatwa karibu na kituo cha ndege za kijeshi cha Kalamata. Watu hawa starehe yao ilikuwa kuzitazama ndege na kuandika nambari zake katika daftari. Kwao Uingereza huo ni mchezo wa kawaida. Huko uliitwa ujasusi. Walikaa kizuizini majuma kadhaa, na mwezi Aprili 2002 mahakama ikawatia hatiani, wanane kati yao wakahukumiwa kifungo cha miaka 3. Waliruhusiwa kurudi makwao kungoja rufaa, na mwezi Novemba mwaka huo huo wakafutiwa hatia. Mwaka mzima wa fedheha na gharama za mawakili! Na laiti wangeulizwa kabla ya safari, wangesema kwamba wanakwenda nchi salama, wala wasingekuwa waongo.

Basi nilimwambia kijana kwamba karatasi yake ina swali pungufu. Asiulize tu, "Je, huko kuna amani?" Aulize pia, "Huko mwenye kamera hutendewaje?"

Juu ya vita na wezi, serikali za Uingereza na Marekani hutoa maonyo ya safari kwa raia wao, na kila mtu aweza kuyasoma katika intaneti bila malipo. Marekani huzipanga nchi kwa daraja 4; Uingereza huchora ramani na kuzitia rangi sehemu za hatari. Yafaa kuyasoma, lakini kwa akili. Asomaye jina la nchi tu hudanganyika. Sisi wenyewe tumo humo: Waingereza huonya watu wao wasikaribie mpaka wetu na mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji, kule Mtwara, kwa sababu ya vita vilivyoanza huko mwaka 2017. Je, hiyo ndiyo habari ya Tanga, au ya Bagamoyo? Jirani zetu wa Lamu nao, bara yao imo katika maonyo hayo miaka mingi, ilhali kisiwa chenyewe cha Lamu wameruhusu watu kukizuru. Basi kama sisi hatupendi kuhukumiwa kwa jina la nchi, tusiwahukumu wenzetu hivyo. Tuitazame ramani wilaya kwa wilaya. Tena tukumbuke kwamba maonyo yale yameandikiwa Mwingereza na pasi yake. Kijana wetu mwenye pasi ya Tanzania ana balozi yake ya kuiuliza, na yumkini yakimkuta mambo atatendewa vingine.

Juu ya sheria ya kamera, nchi hazifanani hata kidogo, wala ujirani au dini moja si dalili. Katika karatasi ya kijana mlikuwa na Misri. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Misri lilitangaza kwamba mwenyeji na mgeni waweza kupiga picha kwa matumizi yao wenyewe mahali pa wazi bila kibali wala malipo. Habari njema, lakini wakaweka masharti, kwamba asipige linaloaibisha nchi, asipige watoto, wala asimpige mwananchi ila kwa idhini yake iliyoandikwa. Nani atakayeamua kwamba picha ya punda aliyekonda imeaibisha nchi? Si mpigaji. Ile ndege ndogo isiyo rubani, iitwayo droni, nayo sheria ya Misri ya mwaka 2017 yaikataza bila kibali cha wizara ya ulinzi. Moroko pia mgeni hanyimwi kupiga picha sokoni, lakini droni hunyang'anywa uwanjani mwa ndege. Kijana alikuwa ameanza kutamani droni. Nilimshauri fedha hiyo ainunulie viatu vya kutembelea.

Katika Falme za Kiarabu, kama vile Dubai na Abu Dhabi, mwizi wa kamera ni nadra. Lakini sheria ya makosa ya mitandao iliyoanza kutumika Januari 2022 yasema kwamba mwenye kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, kwa njia ya kuingilia faragha yake, huweza kufungwa si chini ya miezi 6, au kutozwa dirham 150,000 hadi 500,000, au yote mawili. Jumlisheni wenyewe ni mishahara ya miaka mingapi ya fundi wa umeme.

Hapa ningependa kukaa kidogo, maana jambo hili si la askari na mahakama peke yake. Sisi watu wa pwani twajua uchungu wake. Mara ngapi mgeni amesimama mlangoni mwetu akampiga picha mama anayekuna nazi uani, bila hata kusema hodi? Mlango ulikuwa wazi, lakini kuwa wazi si kukaribishwa. Sura ya An-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, nami naona jicho la kamera huingia mbali kuliko mguu. Vijana wetu waliokua wakiona haya yakitendwa kwao, yafaaje wayatende wao huko Marakesh au Istanbul?

Wala si Waislamu tu wenye kuchoka. Japani husifiwa kwa usalama wake duniani kote. Katika mji wa Kyoto, mtaa wa Gion, wageni waliwafuata wanawake wa sanaa za kale vichochoroni kwa kamera, hata wakazi wakaweka vibao vya faini ya yen 10,000 katika vichochoro vyao. Na mwezi Mei 2024, mji wa Fujikawaguchiko ulisimamisha pazia jeusi, urefu wake mita 20 na kimo chake mita 2 na nusu, ili kuuziba mlima Fuji usionekane kutoka mbele ya duka moja, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakivuka barabara ovyo na kutupa takataka. Fikirini, watu kuuficha mlima wao wenyewe kwa ajili ya kamera za wageni!

Mwishowe kidole chetu kilisimama juu ya Oman. Mama yake kijana ana jamaa Nizwa, watu wasemao Kiswahili hadi leo, na kwa maoni yangu jamaa mmoja mwenye kujua desturi ni bora kuliko vitabu kumi vya watalii. Soko la mifugo la Nizwa huwa asubuhi ya Ijumaa, mbuzi huzungushwa mbele ya wanunuzi, vumbi na jua la mapema, jambo zuri kwa kamera. Ngome yake kubwa ya mviringo ilijengwa karne ya 17 na Imam Sultan bin Seif, ambaye mwanawe, Imam Seif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliitwaa ngome ya Mombasa mwaka 1698. Kwa hiyo kijana atakuwa akipiga picha upande wa pili wa historia yetu.

Lakini sikumficha. Oman nako sheria ya mwaka 2011 yamtisha mwenye kuingilia faragha ya mtu kwa kamera: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, na faini ya riali 1,000 hadi 5,000, au moja kati ya adhabu hizo mbili. Basi amwombe mwenye mbuzi kwanza, na wanawake awaache kabisa isipokuwa jamaa zake kwa ridhaa yao. Wala hakuna nchi iliyopewa hati ya amani ya milele. Mwezi Julai 2024 watu walipigwa risasi na kuuawa msikitini Wadi al-Kabir, katika Maskati yenyewe. Na hatari iliyo karibu zaidi na mpiga picha huko ni ile asiyoidhania, yaani maji. Mabonde yale yaitwayo wadi huwa makavu na mazuri, yenye mawe meupe na mitende, yakamwita mtu ashuke. Mvua ikinyesha milimani, mbali na macho yake, maji huja ghafla kama ukuta. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu wengi huko, na baadhi yao walikuwa watoto wa shule waliokuwa garini. Nimemwandikia kwa wino: mawingu yakionekana mlimani, asishuke bondeni, hata mwanga uwe mzuri namna gani. Na aende baina ya Novemba na Februari, joto likiwa limepungua.

Mengine ni madogo. Betri za akiba zisiwekwe katika mzigo wa chini ya ndege, bali mkononi, maana huweza kushika moto. Picha za kila siku azihifadhi mahali pawili kabla ya kulala. Hili mimi sihitaji kuambiwa sababu yake. Na akiambiwa na askari afute picha, afute, aombe radhi, aende zake. Asibishane kwa Kiarabu nilichomfundisha, kwani ni cha kusomea Kur'ani, hakitamtosha katika kituo cha polisi.

Juma lililopita nilikwenda kwa baba yake, nikaketi naye barazani, nikamsomea yote haya tangu Kalamata hadi Nizwa. Alisikiliza kimya, akisukuma tasbihi yake. Nilipomaliza aliuliza neno moja tu: "Huko atalala kwa nani?" Nikamtajia jamaa za mkewe. Akanyamaza tena, nami nikadhani nimeshindwa.

Kisha akamwita mwanawe, akamwambia alete ile kamera. Akaingia ndani, akarudi amevaa kanzu na kofia ya hariri, akaketi kitini. "Nipige mimi kwanza," akasema, "na picha iachwe hapa nyumbani kabla hujaondoka."